Choo kisichojaa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji na afya Unguja na Pemba

Kwa Waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya maji na ya afya, uongozi wa Mamlaka ya Maji, wakuu wa mikoa na wilaya, halmashauri zetu, na masheha wote.

Assalamu alaykum, na salamu za heshima.

Katika vijiji vya maweni, yaani vilivyo juu ya jiwe la matumbawe, kuanzia Makunduchi na Jambiani hadi Micheweni kule Pemba, choo kinachosifiwa ni kile kisichojaa. Mwenye nyumba huchimba kwa tindo na mtaimbo, siku baada ya siku, na akifika mita moja na nusu au mbili jiwe hutoboka na hewa baridi ikatoka chini. Fundi humwambia amebahatika, kapata pango. Tangu hapo kila kinachoingia shimoni hushuka kikaenda zake, mwaka wa kumi, mwaka wa kumi na tano, bila ya kuita gari la kunyonya. Kinakokwenda ndiko yanakotoka maji ya kisima.

Tunakuandikieni sisi ambao kazi yetu ni visima, mabomba na usafi wa vijijini. Ombi letu kubwa ni moja, na mengine yote humu yanatokana nalo: kisima na choo vipangwe pamoja, kwenye ramani moja, na katika kila shehia awepo mtu mmoja mwenye jukumu la vyote viwili. Leo kisima kina mradi wake na choo kina mradi wake. Mchimbaji wa kisima huchimba pale gari lake linapoweza kufika. Baada ya mwaka huja wa vyoo, nao huchimba pale alipoonyesha mwenye nyumba. Kila upande karatasi zake zimetimia, ila hakuna karatasi hata moja inayoonyesha vitu viwili hivyo viko umbali gani na kipi kiko juu ya mwenzake. Visima vya sadaka ndivyo vinavyotusikitisha zaidi, kwa sababu aliyetoa ametoa kwa nia njema kabisa, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya ule ukuta kuna shimo la choo.

Kila mtu anaijua kanuni ya mita 30 baina ya choo na kisima. Kanuni hiyo ni ya udongo. Penye mchanga mzito au udongo mwekundu wa kinongo ulio mrefu, maji machafu husafiri polepole, huchujika, na vijidudu vingi hufa njiani. Upande wa magharibi wa Unguja na katika mabonde ya Pemba yenye udongo wa kina, mita 30 zina maana, mradi chini ya shimo la choo ibaki angalau mita 2 ya udongo mkavu kabla ya kufika usawa wa maji. Kwenye maweni udongo ni kiganja kimoja, pengine haupo, na chini yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Humo maji hayachujiki, hutiririka, na yanaweza kwenda makumi ya mita kwa siku moja. Afisa anayesimama na futi ya kupimia na kuandika "mita 32, imekubaliwa" hajapima chochote.

Upo uchunguzi usiogharimu sana. Koroga kilo 20 za chumvi katika mapipa mawili ya maji, mimina ndani ya choo kinachotiliwa shaka, kisha pima chumvi ya maji ya kisima kila saa kwa siku mbili kwa kile kipimo cha mkononi kinachofanana na kalamu. Lazima namba zichukuliwe pia siku mbili kabla, kwa sababu karibu na pwani chumvi ya kisima hupanda na kushuka yenyewe kwa maji kujaa na kupwa. Namba ikipanda ghafla baada ya kumimina, njia ipo. Isipopanda, usalama haujathibitika bado. Huenda maji yamepita ufa mwengine. Kwa hiyo uchunguzi huu unaweza kukihukumu kisima, lakini hauwezi kukitakasa.

Choo cha maweni kinatakiwa kisishuke kwenye jiwe, kiinuliwe juu yake. Karo lijengwe kwa matofali ya inchi 6 juu ya sakafu ya zege ya sentimita 10, lipigwe lipu ndani kwa saruji moja na mchanga tatu, na chini lizibwe kabisa. Ligawiwe vyumba viwili, kila kimoja mita 1 kwa mita 1 na kimo cha mita 1.2. Kwa familia ya watu 6 kinyesi kinachobaki, kwa makadirio, ni thuluthi moja ya mita ya ujazo kwa mwaka au zaidi kidogo, kwa hiyo chumba kimoja kinachukua miaka miwili bila ya kufurika. Kikijaa kinafungwa, kinatumika cha pili, na cha kwanza kinakaa miaka yake miwili kabla ya kufunguliwa na kuzolewa.

Tatizo ni maji, na hapa ndipo michoro mingi inayoletwa kutoka nje inaposhindwa. Sisi tunastanji kwa maji. Choo kikavu kilichobuniwa kwa watu wanaotumia karatasi hakiwezi kubaki kikavu kwetu, na kuwaambia watu wabadilishe tohara yao kwa ajili ya mchoro ni kupoteza wakati. Familia ya watu 6 itamwaga kiasi cha lita 40 kwa siku chooni. Maji hayo yatoke karoni kwa bomba la inchi 4 lililowekwa juu, si chini, yaingie kwenye kitalu cha mchanga na udongo chenye kina cha sentimita 60, upana wa mita 2 na urefu wa mita 5, kilichotandikwa nailoni nzito chini na kupandwa migomba. Mchanga unachuja, mgomba unakunywa. Uso wa kitalu uwe na mgongo katikati ili mvua ya masika iteremke pembeni, na ukingo wake uinuliwe matofali mawili ili maji ya uwanja yasiingie. Choo cha namna hii ni ghali kuliko shimo, na hatutaficha hilo. Ndiyo maana tunaomba fedha za maji zichangie: kisima cha kijiji kizima hakiwezi kulindwa kwa mfuko wa mwenye nyumba mmoja anayekaa juu yake.

Sasa maji yenyewe. Maji matamu ya visiwani yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi kidogo. Hesabu yake ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyohiyo inageuka dhidi yetu pampu inapovuta: ukishusha usawa wa maji kisimani kwa sentimita 10 na kuendelea hivyo, maji ya chumvi chini yake yanataka kupanda mita 4. Sehemu za mashariki, ambako tabaka la maji matamu ni jembamba, pampu kubwa haileti maji mengi. Inaita bahari.

Mfano wa kijiji cha watu 1,500, kila mtu lita 40, ni lita 60,000 kwa siku. Desturi ni kununua pampu ya lita 12,000 kwa saa na kuiendesha saa 5 umeme unapokuwepo. Pampu ya lita 4,000 kwa saa ikiendeshwa saa 15 inatoa maji yaleyale, na kisima kinapumua. Visima viwili vidogo vilivyoachana mita mia kadhaa ni bora kuliko kimoja kirefu, na kwenye maweni kuchimba zaidi ili "kupata maji mengi" mara nyingi ni kuifuata chumvi ilipo. Kipimo kilekile cha mkononi kinatosha kulinda kisima: mara moja kwa wiki, saa ileile ya maji kupwa, namba iandikwe daftarini. Ladha ya chumvi ikishasikika ulimini wakati wa kuzuia umeshapita; kisima kilichoingiliwa huweza kuchukua misimu ya mvua kadhaa kurudi. Daftari litaonyesha mpando miezi kabla, na dawa yake ni kupunguza saa za kuvuta, basi.

Umeme wetu unakuja kwa kebo chini ya bahari. Unguja tuliona mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kilichotokea kebo iliposhindwa: mifereji ya kuchotea maji ilikauka pamoja na taa kuzimika. Pemba imepata kebo yake kutoka Tanga mwaka 2010. Kwa vijiji, paneli za jua zinafaa kwa sababu mbili: ya kwanza hazitegemei kebo, na ya pili haisemwi sana. Pampu ya jua huvuta kwa upole, asubuhi kidogo, mchana zaidi, jioni kidogo, na hivyo ndivyo kisima cha maweni kinavyopenda. Ila tangi lazima liwe kubwa, la kubeba angalau siku moja na nusu ya matumizi. Na pampu iwe ya umeme wa nyaya au ya jua, iwekewe kifaa cha kuizima usawa wa maji ukishuka hadi kwenye pampu au umeme ukiwa mdogo kupita kiasi. Mota nyingi zinazoungua haziungui kwa uzee. Zinaungua usiku, umeme ukiwa dhaifu, zikizunguka kwenye kisima kilichokauka na hakuna mtu karibu. Kifaa hicho kina bei ndogo mno ukiilinganisha na mota, lakini ndicho cha kwanza kuondolewa kwenye makisio bajeti inapobana. Tunaomba kisiondolewe tena.

Kutoka tangini hadi mferejini ndiko maji yanakoharibika zaidi. Tazameni mfereji mmoja wa mwisho wa laini. Maji hayana nguvu ya kupanda, kwa hiyo watu wamechimba shimo la kwenda magotini na kuushusha mfereji ndani yake, kwa kuwa chini hutoka chururu. Shimoni mna tope. Ndoo inawekwa juu ya tope, na mdomo wa mfereji unakaa nusu shubiri juu ya dimbwi, pengine ndani yake. Usiku maji yakikatwa, bomba linabaki tupu, na bomba tupu hunyonya. Linanyonya dimbwi lile. Asubuhi maji yakifunguliwa, ndoo ya kwanza ni ya dimbwi, na anayewahi ndoo ya kwanza ni yule aliyeamka alfajiri kwa ajili ya watoto wake. Kwengine hali ni mbaya zaidi kwa pampu za kuvuta ambazo wenye uwezo wameziunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Pampu ile hainyonyi maji peke yake. Inanyonya kila kilicho nje ya kila kiungo kilicholegea.

Dawa ya shimo si kumkemea mwanakijiji. Mita 10 za kimo zinatoa nguvu ya hewa moja tu (bar 1), na mnara wa tangi wa mita 6 hauwezi kusukuma maji mwisho wa laini ya inchi moja yenye urefu wa kilomita mbili. Laini kuu ianze na inchi 3 au 2 na nusu, ipungue polepole kadiri inavyogawika. Iwekwe vali ya hewa kila palipoinuka na koki ya kusafishia kila palipoinama. Katika maweni mabomba meusi hulazwa juu ya jiwe kwa sababu kulikata ni kazi ngumu. Hapo hupasuliwa na gari la ng'ombe na kuyeyushwa na moto wa kusafishia shamba. Penye udongo yafukiwe sentimita 60. Penye jiwe yakatiwe mtaro wa sentimita 30, yatandikwe mchanga sentimita 10, na kila panapokatiza njia yafunikwe kwa zege. Mchanga wa pwani usitumike kwenye zege lenye nondo. Chumvi yake huila nondo ndani kwa ndani, na sakafu inapasuka kabla mradi haujasahauliwa.

Kituo cha kuchotea kiwe na sakafu ya zege yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, mtaro wa maji ya kumwagika usiopungua mita 3, na mwisho wake migomba. Mdomo wa bomba uwe juu kiasi cha kupita dumu la lita 20, usiwe juu zaidi, maana maji yanayoanguka kutoka mbali huruka na akina mama huyafuata kwa kipande cha mpira kilichokuwa kimelala chini.

Klorini inahitaji kauli iliyo wazi kuliko ilivyozoeleka. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na nusu na maji ya kina cha mita 3 kina lita 5,300 hivi. Kukisafisha kunahitaji gramu 400 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, ukorogwe kwenye ndoo ya plastiki, uachwe utulie, yamiminwe maji ya juu yaliyo safi, kisima kifungwe kwa muda wa saa 12 na msikiti utangaze. Baada ya hapo maji yavutwe yamwagwe hadi harufu iondoke. Kazi hiyo ni nzuri baada ya ukarabati au mafuriko. Lakini kama choo kimeungana na kisima, klorini ya leo haitafika wiki ijayo. Kinacholinda watu ni dozi ya kila siku tangini: kwa lita 60,000 kiasi cha gramu 90 za unga huo ndiyo mwanzo, kisha ipandishwe au ishushwe kwa kipimo. Kipimo ni kidonge kinachotiwa kwenye maji yakageuka waridi. Lengo ni miligramu 0.5 kwa lita mwanzo wa laini na zisipungue 0.2 mfereji wa mwisho. Pimeni mfereji wa mwisho. Kupima pale tangini na kuandika ripoti hakumsaidii yeyote aliye na shimo la magotini. Na maji yenye tope yachujwe au yatulizwe kwanza, kwa sababu tope hula klorini.

Zanzibar imekuwa ikipigana na kipindupindu tangu 1978, na Serikali iliweka mpango wa miaka 10 wa kukitokomeza, 2018 hadi 2027. Chanjo imetolewa na imesaidia. Haifungi ufa wa jiwe. Pemba tuna kichocho pia: dawa inayogawiwa skuli inaua minyoo iliyomo mwilini, kisha mtoto anarudi kwenye mto uleule kufua na kuoga kwa sababu mfereji umekauka. Kila kijiji chenye mto unaojulikana kuwa na konokono wa kichocho kipewe makaro ya kufulia yenye maji ya mfereji kabla ya kijiji chengine chochote.

Mvua tunayo, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya visiwa. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, na ukitoa inayopotea unabakiwa na asilimia 80. Nyumba yenye paa la mita 40 za mraba inavuna lita 32 kwa kila milimita. Familia ya watu 6 inayotumia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu, inahitaji lita 3,600 kutoka mwisho wa masika hadi mwanzo wa vuli, siku 120. Tangi la lita 5,000 linatosha, na linajaa kwa milimita 160 za mvua, ambazo masika hutoa mapema. Maji ya kwanza yanayoosha bati yasiingie tangini: kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa mita 2 na nusu, kilichosimamishwa kabla ya tangi na kuzibwa chini kwa kifuniko cha kufungua, kinashika lita 20 za uchafu wa popo na majani. Kila tundu liwe na wavu wa mbu. Anzeni na skuli na misikiti, ambazo zina mapaa makubwa na watu wa kuyatunza. Kwa vijiji ambavyo visima vyake vimeshaingia chumvi hii siyo nyongeza, ndiyo maji.

Kuhusu vipuri tutasema kwa ufupi. Koki ya mfereji ikiharibika huko Micheweni isisubiri meli. Pawepo na ghala dogo la Mamlaka katika kila wilaya lenye washa, koki, yunioni, soketi za bomba jeusi za kila kipimo kinachotumika wilayani humo, na mota moja ya akiba. Kila shehia iwe na mafundi wawili waliofunzwa, mmoja wao mwanamke, na walipwe. Fundi wa kujitolea hufanya kazi vizuri mwaka wa kwanza.

Kabla ya masika yajayo tunaomba mambo matatu. Kwanza, ramani ya kila shehia ya maweni, yenye kila kisima na kila choo, ichorwe na sheha pamoja na mhudumu wa afya. Ni kazi ya wiki mbili kwa simu yenye ramani. Pili, kibali cha kisima kipya, kikiwemo cha sadaka, kisitolewe bila ya ramani hiyo kuonyeshwa, na kiseme pampu iwe ya ukubwa gani na iendeshwe kwa muda wa saa ngapi kwa siku. Tatu, namba ya chumvi na namba ya klorini ya mfereji wa mwisho ziandikwe kwa chaki kila Ijumaa kwenye ubao nje ya ofisi ya sheha, ili anayekwenda msikitini azione. Vipimo vya mkononi vya kuanzia, mafundi wa kuwafunza masheha, na michoro ya karo la vyumba viwili, tuko tayari kuvileta wilaya yoyote itakayotuita.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa maji na wahudumu wa afya ya jamii, Unguja na Pemba